Tarehe Iliyozima Magari

SEHEMU YA SABA

"Treni!"

Ndiyo, hapo ndipo tulipoachana, na najua wengine mmenilaani wiki nzima. Ajuza, gari kuukuu la wagonjwa, amezima katikati ya reli. Ndani, nyuma, amelala mgonjwa, wifi wa Bi Plagi, uchungu umemshika, mtoto amelala kikingamo tumboni. Bila kisu cha daktari jioni hii, hakuna mama wala mtoto. Na treni inapiga honi konani.

"Shukeni!" mlinzi wa reli alipiga kelele, akipunga kibendera chake. "Shukeni mkimbie!"

"Nani ashuke?" Bi Plagi alimfokea kutoka kiti cha mbele. "Na huyu mgonjwa naye akimbie?"

Kwa mgeni aliyeingia leo, Bi Plagi ndiye msimamizi wa magari ya hospitali. Jina alipewa na madereva, kwa kuwa ukimgusa tu, cheche. Pembeni yake Mzee Taratibu, dereva, alikuwa ameganda, mikono kwenye usukani, midomo ikicheza bila sauti.

"Mzee, tia gia ya kwanza."

"Mwanangu, gari limezima, gia ya nini tena..."

"Tia gia ya kwanza! Klachi usiikanyage! Piga stata!"

Mzee akapiga. Injini haikuwaka, lakini stata iliizungusha, nayo ikayasukuma magurudumu, na Ajuza akaruka mbele kama mbuzi aliyevutwa kamba. Akasimama.

"Tena!"

Akaruka. Huko nyuma wifi akalia kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa.

"Tena, Mzee, usimwachie!"

Gurudumu la nyuma likapanda chuma cha reli, likashuka upande wa pili. Treni ikapita nyuma yao kwa kishindo, behewa baada ya behewa, na upepo wake ukaufungua mlango wa nyuma wenye kitasa kibovu. Muuguzi aliyekuwa na mgonjwa akaudaka kwa mguu.

Mzee Taratibu alitoa kichwa dirishani akatapika. Hakuna aliyemcheka.

Basi wangekuwa watu wa kushukuru, wangeshukuru. Lakini wale waliokuwa wakisubiri treni ipite walikwishalizunguka gari, na badala ya kuuliza hali ya mgonjwa, walianza kushangilia msiba.

"Tarehe hiyo! Imeanza!"

"Mtaalamu alisema! Magari ya zamani ndiyo ya kwanza!"

"Mwaka elfu mbili huo, jamani!"

Mnamkumbuka Mtaalamu. Yule wa suti ya kijivu, aliyezunguka miezi miwili akihubiri kwamba usiku wa leo, mwaka utakapogeuka, kompyuta zote zitaona sifuri tupu, zitadhani dunia imerudi nyuma karne nzima, na magari ya zamani yatazima barabarani kama mishumaa. Dawa yake ni moja tu: kisanduku cheusi kinachoitwa Kinga. Na Kinga anaiuza nani? Yeye.

Bi Plagi alishuka. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Kinyaa.

"Imeanza nini?" aliwauliza. "Mwaka unageuka saa ngapi?"

"Saa sita usiku," mtu mmoja alijibu.

"Na sasa ni saa ngapi?"

Mwenye saa mkononi akaitazama. "Saa kumi na mbili na dakika kidogo."

"Na jua lile pale ni la mwaka gani? La mwakani?"

Wakatazamana. Lakini mwoga hakosi neno. "Kompyuta ya gari inaweza kukosea saa, mama."

"Kompyuta ipi? Njoo unionyeshe! Huyu ana kabureta, ana koili, ana waya. Hana hata redio. Hajui kuwa leo ni Ijumaa, atajuaje karne? Hata hayo magari mapya, kompyuta yake inapima joto la maji na mzunguko wa injini. Haina habari na sikukuu zako!"

Akafungua boneti. Betri nzima. Stata nzima, mmeiona wenyewe kazi yake. Petroli ipo. Akachomoa waya wa plagi na kumwambia Mzee apige stata: hakuna cheche. Umeme haufiki kwenye koili inayozaa cheche.

Akaufuata waya wa koili kwa vidole. Waya za Ajuza zote zina rangi moja, rangi ya vumbi na umri. Katikati yake, mmoja uling'aa. Mwekundu, mpya, kama umetoka dukani asubuhi. Ulipenya tundu la ukuta wa injini ukaingia ndani, chini ya dashibodi.

Bi Plagi alijilaza sakafuni mwa gari, miguu nje, kichwa chini ya usukani. Akavuta. Kikatoka.

Ilikuwa saa. Saa ndogo ya plastiki ya kuamshia watu, zile za namba zinazowaka. Kengele yake ilikuwa imeng'olewa, na mahali pake pamechomelewa waya mbili zinazokwenda kwenye swichi ndogo. Saa ikifika ulipoitegea, badala ya kulia, inaukata umeme wa koili. Gari linakufa. Namba za kioo zilisoma sita na dakika kadhaa, na pembeni alama ya kengele imetegwa kwenye sita kamili ya jioni, yaani saa kumi na mbili yetu.

Alichefuka. Si kwa maneno, alichefuka kweli, mate yakamjaa mdomoni. Mtu alikaa humu. Alisikia harufu ya dawa, aliona machela nyuma, aliona ile chupa ya maji ya kutundika, akachukua koleo lake na kufunga hiki. Taratibu, bila kutetemeka, kwa kazi safi.

Kazi safi mno. Ndipo alipouona uzi.

Mafundi wengine hufunga waya kwa utepe wa gundi. Huyu alifunga kwa uzi wa bluu wa cherehani, fundo la kupitisha mara mbili, mkia umechomekwa ndani usionekane. Baba yake Bi Plagi, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, na kila kitu nyumbani kwake kilifungwa hivyo, kuanzia vifungo vya shati hadi mpini wa jembe. Aliwafundisha watoto wake wawili. Mmoja ni Bi Plagi.

Wa pili ni mdogo wake, Waya, fundi umeme wa magari. Mume wa huyu anayelia huko nyuma.

Kikulacho ki nguoni mwako, wasomaji wangu. Nguoni kabisa.

"Umeona nini, mwanangu?" Mzee Taratibu aliuliza.

"Uchafu," alisema Bi Plagi.

Akaung'ata uzi ukakatika, akaitia saa mfukoni, akaziunganisha waya za koili kwa mkono. "Piga."

Ajuza akakohoa, akawaka. Watu wakarudi nyuma hatua mbili, kana kwamba maiti imekaa kitako.

Njiani wifi alimwita kupitia kidirisha.

"Wifi... mume wangu anajua nimeletwa?"

"Hajui. Anadhani uko zahanati."

"Yuko kazini na yule Mtaalamu. Aliniambia akimaliza kazi ya leo atachukuliwa makao makuu. Kazi ya kuvaa tai, wifi." Uchungu ukampitia, akaendelea. "Umwambie aje. Nikimwona yeye sitaogopa."

"Nitamwambia," Bi Plagi alijibu, na saa ile mfukoni ilimgusa paja kama chura.

Uwanja wa hospitali ulijaa. Watu walikuwa wakisukuma magari yao wenyewe getini: pikapi, teksi za zamani, lori la mchanga. Yote yamezima wakati mmoja. Na yote, angalia vizuri, ni ya wale waliokataa kununua Kinga, lakini wakakubali "ukaguzi wa bure" ambao Mtaalamu aliutoa asubuhi ya leo hapo hapo getini, Ajuza naye akipitishwa. Cha bure hicho.

Mtaalamu alisimama kwenye ngazi, visanduku vyeusi vimepangwa miguuni pake. Kulia kwake Mganga Mkuu wa hospitali, akijifuta jasho. Kushoto, sanduku la vifaa mkononi, Waya.

Bi Plagi hakuwatazama kwanza. "Machela!" alipaza sauti, na wauguzi wawili wakaja mbio na kumchukua wifi kwa mlango wa pembeni. "Daktari wa upasuaji yuko wapi?"

"Alipigiwa simu mlipoanza safari ya zahanati," alisema Mganga Mkuu. "Yuko njiani. Bi Plagi, umesikia yaliyotokea? Nataka kusaini magari yote ya hospitali yafungwe Kinga, sasa hivi."

"Sikusema?" Mtaalamu aliwanyanyulia watu mikono. "Ndugu zangu, sikusema?"

"Ulisema saa sita usiku," akajibu Bi Plagi. "Mbona yamekufa jua likiwaka?"

Watu wakageuka kumtazama Mtaalamu. Na hapa nimpe haki yake, mbwa yule: hakubabaika.

"Swali zuri, mama. Nyinyi mnatazama saa ya hapa. Gari linafuata saa ya kule lilikozaliwa! Magari haya yametoka wapi? Mashariki ya mbali. Na mashariki ya mbali, dakika hii hii jua linapozama kwetu, wao wako usiku wa manane. Mwaka wao umeshaingia!"

"Aaa!" umati ukaitikia. Mwenye lori la mchanga alipiga makofi. Mganga Mkuu akaifungua kalamu yake.

Bi Plagi alipiga hesabu kichwani na kuona kuwa ni kweli. Huko ni usiku wa manane. Uongo ulikuwa umevishwa ukweli ukapendeza, na hilo ndilo lililomchukiza kuliko yote. Akili nzuri namna ile, imelala jalalani.

"Na Ajuza?" aliuliza.

"Hata huyo, mama. Hasa huyo."

"Ajuza si wa mashariki. Ajuza katoka Ulaya, tangu baba yangu hajaoa. Huko kwao sasa ni mchana kweupe, watu hawajatoka kazini. Yeye mwaka wake umepitia wapi?"

Mtu mmoja alicheka. Halafu wawili. Mtaalamu akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, hapakutoka kitu.

"Au," Bi Plagi akaitoa saa mfukoni, akaininginiza kwa waya wake mwekundu, "mwaka wake ulikuwa humu?"

Umati ukasogea ngazini.

Mtaalamu hakumtazama Bi Plagi. Alimtazama Waya. Uso wake uliiva, mshipa ukamsimama shingoni, na umakini wake wa miezi miwili ulimponyoka kwa pumzi moja.

"Nilikwambia saa ngapi wewe?"

"Bosi..."

"Nilikwambia saa ngapi? Saa kumi na mbili usiku! Kumi na mbili! Usiku!"

"Si ndiyo hii?" Waya aliropoka. "Saa kumi na mbili, jua likizama. Nilishangaa unasema usiku badala ya jioni, nikadhani ni yale maneno yako ya ng'ambo."

Hapa inabidi nisimame kidogo niteme mate. Mtaalamu alikuwa na ugonjwa mmoja. Tangu arudi ng'ambo, ambako wenye midomo wanasema hakumaliza hata msimu mmoja wa baridi, aliacha kuhesabu saa kama waliomzaa. Saa tatu asubuhi yeye aliiita saa tisa. Siku ya kwanza aliitisha mkutano wa saa tisa, akafika na suti yake asubuhi, akamkuta mfagiaji peke yake. Watu walikuja alasiri, yeye keshaondoka amekasirika. Waliona ndio usomi. Na usiku wa manane, ambao hata jogoo anajua ni saa sita, kinywani mwake ulikuwa saa kumi na mbili. Akamwagiza hivyo mtu aliyezaliwa na kukulia hapa. Naye akatega kumi na mbili, ile ya watu wote, pale namba sita inapowaka.

Njia ya mwongo ni fupi, ila sikuwahi kuona iliyokatwa na lugha yake mwenyewe.

"Kwa hiyo ulitega!" mwenye lori alinguruma. "Umetega magari yetu!"

Mtu mwingine alikipiga kisanduku cha Kinga kwenye ngazi kikapasuka. Ndani hamkuwa na kompyuta, hamkuwa na waya. Mlikuwa na mchanga uliogandishwa kwa gundi, ili kiwe kizito mkononi.

"Sasa," Mganga Mkuu alimwegemea Bi Plagi, kwa sauti ya chini, "hiki kilichomo kwenye gari langu, nikitoe?"

Bi Plagi alimtazama mwanamume yule mwenye koti jeupe na vyeti ukutani. "Umekaa nacho miezi miwili, Mganga Mkuu, hata siku moja hukukitikisa?"

"Alinipa zawadi," alisema, akatazama viatu vyake.

Walinzi wa geti walikwishamshika Mtaalamu mikono, na watu walikuwa wakivuta suti yake kila upande. "Mimi sikugusa waya hata mmoja!" alipiga kelele. "Tazameni mikono yangu! Mwulizeni huyo fundi, ni kazi yake!"

Na jambo la kuchukiza kabisa ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Waya alimshika Bi Plagi mkono wa nguo, akamvuta kando ya ukuta.

"Dada, nisikilize. Nilijua usiku wa manane magari yamelala. Asubuhi ningezitoa zote, nani angejua? Hakuna ambaye angeumia."

"Gari la wagonjwa linalala lini, Waya?"

"Dada..."

"Niambie. Wewe umekula kwangu, umesoma kwa mshahara wa kuyatunza magari haya. Linalala lini?"

Macho ya Waya yalikuwa yamempita, yamefika kwa Ajuza, aliyeachwa mlango wa nyuma wazi. Sakafuni ilibaki ndala moja ya kike, nyekundu, kisigino kimelika upande mmoja.

Aliijua. Alitembea hadi pale, akaiokota.

"Alikuwemo nani humu?"

"Mkeo."

"Mke wangu yuko zahanati. Walisema bado."

"Zahanati wamemshindwa, mtoto amekaa vibaya. Tulikuwa tunamleta kwa daktari. Ajuza akazima juu ya reli, treni ikija. Kumi na mbili kamili, Waya, ulitega vizuri."

Mdogo wake alikaa chini, pale pale kwenye oili iliyomwagika, ndala kifuani. Bi Plagi alingoja huruma imjie, kama inavyomjia mtu kwa mtoto aliyembeba mgongoni. Haikuja. Kilichokuja ni kile kile cha chini ya dashibodi, mate mdomoni.

"Mume wa mgonjwa!" muuguzi aliita mlangoni. "Anamtaka kabla hatujamwingiza. Haraka!"

Ujia wa hospitali ulinuka dawa ya kuoshea sakafu. Waya alitembea akishika ukuta.

"Dada, usimwambie. Nakuomba kwa jina la baba."

"Baba usimtaje. Uzi wake umeutia najisi."

"Basi si leo. Atakufa kwa mshtuko."

Bi Plagi aliongeza mwendo.

Wifi alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, uso umelowa. Alipomwona mumewe alinyoosha mkono, na Waya akaushika, angefanya nini.

"Umekuja," alisema. "Sasa siogopi." Akavuta pumzi. "Nimewasikia manesi. Wanasema kuna mtu alilitega gari, makusudi. Kweli?"

"Tulia, mke wangu. Usiongee."

"Mtu wa namna gani huyo? Hana mama? Wamemkamata?"

Waya alitazama dari. Bi Plagi alisogea hadi kichwani mwa kitanda.

"Mwambie wewe," alisema, "au nitasema mimi."

"Dada, si sasa."

"Ni sasa. Amekushika mkono."

Mgonjwa aliutazama uso wa Bi Plagi, kisha wa mumewe, kisha ndala yake iliyokuwa kwapani kwa mumewe, na nadhani alijua kabla hajasikia.

"Ni mimi," Waya alisema. "Sikujua ni wewe. Wallahi sikujua kama utakuwemo wewe."

"Angekuwemo mwingine, sawa?" mkewe aliuliza.

Akauchomoa mkono wake. Hakuuchomoa kwa nguvu. Akaufuta kwenye shuka, kiganja, halafu nyuma ya kiganja, halafu kidole kimoja kimoja, kama mtu aliyeshika kitu jalalani.

"Nitolee mtu huyu," alimwambia muuguzi. "Niingizeni."

Kitanda kikaingia, mlango ukajifunga. Waya alibaki amesimama, mkono bado umeelea hewani.

Wangekaa hapo kungoja, dada na mdogo wake, kila mmoja na ukuta wake. Lakini mlango ule haukukaa umefungwa. Ulifunguka tena, muuguzi akatoka, safari hii bila rangi usoni.

"Daktari wa upasuaji mmemwona?"

"Mganga Mkuu kasema yuko njiani," Bi Plagi alijibu.

"Njia gani hiyo? Kwake si mbali. Mkewe anasema alitoka kabla ya saa kumi na mbili, na sasa kunaingia giza. Mtoto hawezi kungoja. Hakuna mwingine hapa, hata Mganga Mkuu, anayejua kupasua."

Bi Plagi alimsogelea muuguzi. "Anaendesha gari gani?"

Muuguzi hakujua magari. Aliyejibu alikuwa Waya, kwa sauti ambayo dada yake hakuwahi kuisikia.

"Lile jeupe la zamani. Alipita asubuhi kwenye ukaguzi." Akaitazama mikono yake. "Nilimfungia mimi."

Viatu vilisikika ujiani vikija mbio. Alikuwa Mzee Taratibu, ambaye maisha yake yote hajawahi kukimbia, jina lenyewe mnalijua.

"Limeonekana!" alihema. "Gari la daktari! Mteremko wa machimbo, limelala mtaroni. Mwenye baiskeli ndiye kaleta habari. Mlango wa dereva uko wazi... na ndani hamna mtu. Damu ipo. Mtu hamna."

"Twende," Bi Plagi alisema. "Ufunguo wa Ajuza, Mzee."

Mzee aliutoa, lakini mkono wake ulitetemeka hata ufunguo ukagonga vifungo vya shati. Tangu relini haujaacha. Asingeweza kuendesha hata toroli.

"Nipe mimi," Waya alisema, akinyoosha mkono. "Machimbo yale nayajua. Najua njia zote za chini. Dada, nipe mimi."

Bi Plagi aliutazama mkono ule. Ule ule ambao mkewe aliushika akajifuta. Akataka kugeuka, akataka kuutemea mate. Ndipo wifi yake alipopiga ukelele nyuma ya mlango, mmoja, mrefu, kisha akanyamaza kabisa.

Akautupa ufunguo katika mkono ule.

"Endesha," alisema. "Na ole wako Ajuza azime."